Pima nyumba kwanza, ndipo ulipie sola au AC

Karibuni nimemsaidia dada mmoja wa Tabata aliyeletewa makadirio ya sola yenye betri mbili kwa sababu "umeme unaisha haraka". Muuzaji alifika, akatazama paa, akaandika bei. Mita hakuitazama kabisa. Makaratasi ya namna hiyo nayaona kila mara, na yananiuma, kwa sababu hela inayotajwa pale ni akiba ya miaka. Kabla hujalipa chochote ni lazima ujue nyumba inakula uniti ngapi, saa zipi, na nani anazila. Huu ndio utaratibu ninaoutumia kwa nyumba za Dar zenye LUKU, yaani mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia.

Hatua ya 1: Amua unalalamikia nini

Umeme kwisha haraka ni tatizo moja, joto la ndani ni jingine. Mara nyingine yanakutana, mara nyingi hayakutani. Liandike lako.

Hatua ya 2: Kusanya uniti, achana na shilingi

Fungua meseji za tokeni za miezi mitatu minne, jumlisha uniti za kila mwezi. Shilingi zitakudanganya, maana kodi ya jengo inakatwa humo humo, na kama kuna deni nalo linakatwa.

Angalia pia uko kundi gani. Kwa bei ambazo EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za umeme, iliidhinisha mwaka 2016, mteja mdogo wa D1 analipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo ni 350. Wa T1, yaani mteja wa kawaida anayetumia zaidi, analipa 292, ukiongeza VAT na tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA inafika kama 356. Kwa hiyo nyumba yenye uniti 85 ikishuka hadi 70 inapata nafuu kubwa kuliko idadi hiyo inavyoonyesha.

Hatua ya 3: Pima nyumba ikiwa imelala

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wanaparuka. Nyumba nyingi zinakula umeme wakati hakuna anayeutumia, na hakuna sola inayotibu hilo.

Tazama mita yenyewe. Ina kitaa kidogo chekundu kinachopepesa, na pembeni pameandikwa namba ikifuatiwa na imp/kWh: 1000, 1600, 3200, inategemea mita. Maana yake ni kwamba kitaa kikipepesa mara 1000 (au 1600, au 3200) uniti moja imeisha. Kwa hiyo ukiwa na saa ya simu unaweza kupima chochote kilichomo ndani ya nyumba:

Wati = 3,600,000 × idadi ya kupepesa ÷ (sekunde × namba ya mita)

Mfano: mita ya 1000, kitaa kimepepesa mara 10 ndani ya sekunde 180. Hiyo ni wati 200. Kwenye mita ya 1600, kikipepesa mara moja kila sekunde 22 na nusu, ni wati 100.

Sasa zima kila kitu kwa swichi zake: taa, feni, TV, friji ichomoe. Main switch iache imewaka. Nenda kwenye mita uhesabu. Wati 60 zinaonekana ni kitu kidogo, lakini zikikaa saa 24 kwa siku 30 ni uniti 43. Kwa bei ya T1 hizo ni zaidi ya shilingi 15,000 kila mwezi.

Kuna mambo ya kuangalia, na naomba uyasome yote kabla ya kuanza:

Baadhi ya mita, kama hakuna umeme unaopita, kitaa kinawaka moja kwa moja bila kupepesa. Hapo hakuna kinacholiwa. Kinachohesabiwa ni kupepesa.

Mita nyingine zina vitaa viwili. Hesabu kile kilichokaa karibu na maandishi ya imp/kWh.

Kama mita yako iko juu ya nguzo na ndani una kile kidude cha kuingizia tokeni tu, usipande nguzo. Andika uniti zilizobaki usiku mkilala, andika tena asubuhi kabla mtu hajagusa kitu, gawanya kwa saa zilizopita. Jibu si kali kama la kuhesabu, ila linatosha.

Umezima vyote na kitaa bado kinapepesa? Rudi ndani, shusha breka moja moja, na kila ukishusha moja uwe na mtu wa kukuambia kwenye mita kama kimetulia. Breka iliyokituliza ndiyo yenye mtu wako. Mara nyingi utakuta king'amuzi na redio vilivyoachwa kwenye soketi, mashine ya kamera, fensi ya umeme, au taa za flad za nje. Kwa yule dada wa Tabata zilikuwa flad mbili za halojeni nyuma ya uzio, kila moja wati 150, zinawaka usiku kucha. Taa moja ya hivyo, saa 12 kwa usiku, ni uniti 54 kwa mwezi. Mbili ni 108.

Kama hakuna kifaa chochote kwenye breka hiyo na bado mita inahesabu, huenda umeme unavuja kwenda ardhini. Dalili yake ni bomba la maji au ukuta wenye unyevu kukupiga shoti kidogo. Nyumba za pwani zinapata hili sana kwa sababu ya chumvi na unyevu kwenye maungio ya nyaya. Hapo kuokoa uniti ni jambo la pili, la kwanza ni uhai wa watoto. Acha breka hiyo chini, ita fundi mwenye leseni, na mwambie akague kama RCD, kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, ipo na inafanya kazi. Nimekuta nyumba nyingi ambako iliruka mara kwa mara, kisha mtu akaiunganisha moja kwa moja ili isisumbue. Iliruka kwa sababu ilikuwa inaona kitu.

Na kama umeshusha main switch yenyewe na kitaa bado kinapepesa, kuna waya umechukuliwa kabla ya main switch, au mita ina tatizo. Usifungue kitu. Sili ya mita si ya kuguswa na mtu yeyote isipokuwa TANESCO. Ripoti kwao.

Wengine watakuambia utumie klampu mita, kile kipimo kinachobana waya. Ninayo, na kwa kazi hii siitaki. Inasoma ampea, na kwenye vitu vyenye mota kama friji na pampu, ampea ukizidisha kwa volti zinakupa namba kubwa kuliko unachotozwa. Kitaa cha mita kinahesabu kile kile unacholipia. Na wati zilizoandikwa mgongoni mwa kifaa ni za kikomo, si za matumizi yako.

Hatua ya 4: Wakubwa, mmoja mmoja

Washa kifaa kimoja kikiwa peke yake, hesabu, andika. Friji ipime siku nzima, kwa sababu inazima na kuwaka. Kabla ya kununua mpya weka noti kwenye mlango, funga, ivute: ikitoka bila kushikwa, badilisha mpira wa mlango. Pampu ikiwaka wakati hakuna aliyefungua maji, tafuta tenki au choo kinachovuja.

Shawa ya maji moto ndiyo inayoshangaza watu. Ya wati 4,500 kwa dakika 10 ni uniti 0.75. Watu watano kwa siku 30 ni uniti 112, peke yake inapita zile 75 za D1.

Hatua ya 5: Joto, kama ndilo lalamiko lako

Nunua kipimajoto cha bunduki kama vile vya wakati wa korona, lakini cha mafundi, maana cha homa hakisomi joto la bati. Pima saa tisa alasiri: dari, kuta nne, vioo. Rudia saa tatu usiku. Ukipima bati linalong'aa au fremu ya aluminiamu kitadanganya, kitakuonyesha joto dogo kuliko lililopo. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, subiri ichukue joto, upime juu ya tepu.

Dar tuko karibu na nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua la mchana linakuwa juu sana mwaka mzima. Anayechomwa zaidi ni paa. Dari ikiwa na joto la nyuzi tano au zaidi kuliko kuta, hela yako ianzie juu: matundu ya hewa chini ya paa pande zote mbili, rangi nyeupe kwenye bati, kisha tabaka la kuzuia joto juu ya dari. Nyumba hizi za sasa za paa la kuficha ndizo zinazoteseka zaidi, kwa sababu ukuta ule unaozunguka paa unazuia upepo na mara nyingi hakuna tundu hata moja.

Ukuta wa magharibi ukiwa bado wa moto saa tatu usiku huku mwingine umepoa, unahitaji kivuli nje: kibaraza, mti, tarubali kwa kuanzia. Pazia la ndani halisaidii sana, jua limeshaingia. AC ninaiweka mwisho kabisa. Ukiifunga chini ya dari ya moto utanunua kubwa kuliko unayohitaji, na itafanya kazi bila kupumzika.

Hatua ya 6: Sasa rudi kwenye makadirio ya sola

Andika uniti za mita saa kumi na mbili jioni, andika tena saa kumi na mbili asubuhi, kwa siku kadhaa. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua betri, na betri ndiyo inayokula sehemu kubwa ya bei. Kwa paneli, ninahesabu uniti 4 hivi kwa siku kwa kila kilowati moja, na ninataka zitazame kaskazini kwa mteremko mdogo. Yule dada alipobadilisha flad kuwa za LED, betri ya pili haikuwa na kazi tena kwenye hesabu.

Lipia kitu kimoja, subiri mwezi uishe, rudia hatua ya 2 na ya 3, ndipo ulipie kinachofuata. Muuzaji akikuharakisha kulipa vyote siku moja, mwombe akuandikie kwenye karatasi yake uniti anazoahidi kupunguza, na alizipima vipi.