Kabla hujalipandisha bara Mercedes lako kuukuu: hita na taa za dashibodi

Anayeishi Malindi anaweza kumiliki gari miaka nenda miaka rudi asijue kama hita yake inafanya kazi. Nani atawasha hita Shella saa nane mchana? Taa za dashibodi ni hivyo hivyo: gari hununuliwa mchana, jua limewaka, muuzaji anakupigia hesabu huku mmeegemea boneti. Kisha Julai inafika, kuna harusi Nakuru au mtoto amepata nafasi chuo kikuu cha Egerton, na watu watano wanajipakia ndani ya gari lenye umri mkubwa kuliko dereva wake, safari ya bara. Basi soma hapa kwanza, ndipo ufunge mizigo.

Nasema hasa juu ya Mercedes W124, zile zilizoanza kutoka kiwandani 1984 mpaka katikati ya miaka ya 1990. Mwenye BMW au Volvo ya rika hilo asome pia, mengi yatamhusu.

Hesabu ya baridi ni nyepesi. Kila ukipanda mita 1,000, joto la hewa hupungua kama digrii 6. Malindi tuko usawa wa bahari, Nairobi imepita mita 1,600, Limuru imepita 2,000 na bado unapanda. Usiku uliouacha nyumbani ukiwa na shati jepesi, ukifika Kimende, mbele ya Limuru, umekuwa wa sweta mbili, na ukungu juu yake. Pumzi za watu watano zikigusa kioo baridi hugeuka maji, kioo cha mbele kikawa cheupe kwa ndani. Waipa haifuti upande huo. Ndiyo maana hita naihesabu pamoja na breki na tairi, siihesabu na redio.

Maji ya rejeta kagua asubuhi, injini imepoa. Kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa moto, hilo halina mjadala. Usitie maji ya kisima: visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi hula alumini ya kichwa cha injini na vibomba vya hita. Tia kulanti na maji safi, nusu kwa nusu. Kifuniko kikiwa kimechoka kibadilishe, kwa sababu huko juu ya Limuru maji yasiyobanwa na presha huchemka kwenye digrii 93 hivi, hayangoji 100 kama hapa pwani.

Halafu upepo. Washa feni ya hita, pitia mwendo wote mmoja mmoja. Ikifanya kazi kwenye mwendo wa juu peke yake, rezista, kile kifaa cha kupunguza mwendo wa feni, imeungua. Ikilia na kuchechemea, brashi za mota zimekwisha. Ikiunguruma vizuri lakini upepo hautoki, fungua boneti uangalie chini ya kioo cha mbele, pale hewa inapoingilia. Anayeegesha chini ya mwarobaini, na Malindi nani haegeshi chini ya mwarobaini, atakuta majani yamejaa, yameoza, yamekuwa udongo mweusi. Nimeshaona mche wa mwarobaini umeota humo, una majani yake manne, mwenye gari hana habari. Zoa kwa mkono. Usisukume kwa mpira wa maji, uchafu wote utateremkia kwenye feni na zulia.

Sasa mipira ya hita, na hapa usiniruke. Pasha injini moto mpaka geji ifike 80 na zaidi, peleka hita mwisho wa joto, kisha shika kwa kitambaa mipira inayoingia kwenye ule ukuta unaotenga injini na abiria. Chunga mikono yako isiguse feni wala mkanda. Mpira wa kuingilia ukiwa moto na wa kutokea vuguvugu, hita yenyewe, ile rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi, imeziba kwa kutu, au maji hayapiti kwenye valvu inayoyafungulia na kuyafunga. Upande wa dereva ukitoa joto na wa abiria baridi, ni valvu, maana W124 ina mbili, kila upande na yake. Ila fahamu kwamba valvu hizi hufungwa kwa umeme, na umeme ukikatika hubaki wazi. Valvu iliyokatikiwa umeme hukuletea joto usilolitaka. Kwa hiyo anayekosa joto asiharakishe kununua valvu kwa sababu tu fundi ametaja jina lake. Na joto likija ukiwa mwendoni likapotea ukisimama kwenye foleni, iko pampu ndogo ya umeme ya kusukuma maji ya hita; itazame hiyo.

Hita iliyoziba mara nyingi huokoka. Toa mipira, ingiza maji ya bomba kwa upole kupitia tundu la kutokea, yaani kinyume cha njia yake ya kawaida, mpaka yatoke safi. Presha kubwa usitie, utaitoboa.

Lakini kuna gari ambalo hutashika mpira moto wala baridi, kwa kuwa mpira haufiki ukutani. Hilo ndilo lililomkuta ami yangu.

Alinunua 230E, moja ya hizo hizo W124, huko Mombasa, rangi ya dhahabu, viti vya ngozi, mbao za dashibodi zinang'aa. Kila aliyeliona alimpa hongera. Akaamua kumpeleka mwanawe chuoni Njoro nalo, yeye, shangazi na watoto, wakaondoka Malindi baada ya adhuhuri. Giza liliwakuta njiani kabla ya Mtito Andei, na hapo ndipo alipogundua kwamba dashibodi haina taa hata moja. Kwa kuwa ni mtu wa kujikaza, akaendelea. Kijana akawa anamulika mita kwa tochi ya simu kila wakitaka kujua mwendo. Nairobi wakaipita usiku wa manane, wakaanza kupanda Limuru.

Kimende ukungu ukawapokea. Nje hawaoni, na ndani kioo kimeshafunga. Ami akapeleka hita mwisho, ikatoka hewa ya barafu, watoto wakapiga kelele, akaizima. AC haikuwa na gesi. Shangazi amekaa mbele anafuta kioo kwa leso. Akimaliza upande mmoja, mwingine umerudi kuwa mweupe. Kijana akawasha tochi ya simu amsaidie babake kuona mita, mwanga ukagonga kioo chenye umande, mbele kukawa hakuna kinachoonekana kabisa. Malori yanateremka upande wa pili, unayasikia kabla hujayaona. Wakatambaa hadi kituo cha kwanza cha petroli wakalala humo garini hadi alfajiri, shangazi amejitanda leso zote mbili, hasemi na mtu.

Nakuru wakapata fundi, kijana mdogo, akafungua boneti akainama kidogo tu.

"Mzee, hii gari haina hita."

"Haina vipi? Si hicho kitufe chake hapo."

"Kitufe kiko, mzee. Maji ndiyo hayaendi."

Akamwonyesha. Mpira uliotoka kwenye injini ulikuwa umekunjwa ukarudishwa kwenye injini hiyo hiyo. Vibomba vya hita pale ukutani vimezibwa kwa vipande vya mpira na klipu, vumbi lake la miaka. Walipounganisha kama ilivyotakiwa ili wajaribu, haikuchukua muda: harufu tamu ya kulanti ndani ya gari, na zulia la upande wa abiria likaanza kulowa. Hita ilikuwa imetoboka zamani, na mtu aliamua kuipitisha pembeni badala ya kuitengeneza. Si vigumu kumwelewa. Kubadilisha hita ya W124 ni kushusha dashibodi nzima, kazi ya siku kadhaa, tena dashibodi kuukuu haikubali kurudi bila kupasuka mahali. Kwa gari la kwenda Watamu na kurudi, hiyo njia ya mkato haimdhuru mtu. Kosa ni kumuuzia mwenzako kimya kimya. Ami aliunganishiwa tena ule mkato, akarudi Malindi mchana mtupu, na dashibodi ikashushwa baadaye.

Kwa hiyo usimuulize muuzaji kama hita inafanya kazi. Atakwambia ndiyo, na pengine hata yeye hajui. Fuata mpira kwa kidole kutoka injini mpaka ukutani. Inua zulia la abiria wa mbele ulishike, ulinuse. Kioo cha mbele kikiwa na utando wa mafutamafuta usiotoka kwa kufuta, mara nyingi hita inavuja.

Fundi yule yule alifungua nyumba ya themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ishike joto, akakuta tupu, themostati haimo. Hili nalo ni gonjwa la pwani. "Huku joto, ya nini?" anakwambia fundi, anaitoa na kuitupa. Themostati ya injini hizi hufunguka kwenye digrii 87 hivi. Bila yake, baridini injini haishiki joto, hita haina cha kukupa, na petroli inaliwa bure. Kibaya zaidi, katika injini nyingi za Mercedes za wakati ule themostati ikifunguka huziba njia ya pili, ile isiyopitia rejeta. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, na maji mengine hurudi kwenye injini bila kupoa. Umeitoa ili gari lisichemke, mlimani likachemka. Kupima ni rahisi: toka alfajiri uelekee Kilifi kwa mwendo wa kawaida, macho kwenye geji. Sindano ikae juu kidogo ya 80. Ikiteremka kuelekea 60 kila ukishika mwendo, themostati imekwama wazi au haimo.

Taa za dashibodi. Jaribu usiku, ukiwa nyumbani. Anza na kile kifundo cha kuongeza na kupunguza mwanga: kizungushe huku na huku mara nyingi, njia yake ya ndani hushika kutu na mara nyingine taa hurudi kwa hilo tu. Zisiporudi, nenda kwenye fyuzi. Za W124 ni zile ndefu zenye ncha mbili, chuma chake kiko wazi, na hewa yetu ya chumvi huzifanyia unga mweupe. Zima gari, zungusha kila moja papo hapo kwa kidole ili ncha zijisugue, iliyoliwa itupe. Nyeupe ni ampea 8, nyekundu 16, buluu 25. Rangi kwa rangi, na karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara isishike nafasi ya fyuzi kamwe.

Taa zikiwa hafifu wala hazijafa, tazama balbu. Zilizozeeka huwa nyeusi kioo. Chomoa waya wa hasi wa betri, pinda spoku mbili za baiskeli ziwe ndoano, ingiza pembeni mwa mita, vuta taratibu. Mwenye W123, ile iliyoitangulia W124, asivute kabisa kabla ya kufikiri: nyuma ya mita zake kuna kibomba chembamba cha oili, ukikikata utaoga. Usiweke balbu yenye wati nyingi zaidi, plastiki itayeyuka.

Na usimwachie fundi abadilishe balbu zote kuwa LED. Ile balbu nyekundu yenye alama ya betri haiko kwa ajili ya kukuonya tu. Katika magari mengi ya zamani umeme unaopita humo ndio unaoiamsha alteneta, mashine inayochaji betri, na LED haipitishi umeme wa kutosha. Utakuwa na dashibodi inayowaka kama duka la simu, na betri isiyochajiwa, kati ya Voi na Mtito Andei, usiku. Geuza ufunguo kabla ya kuwasha injini: taa hiyo ionekane. Isipoonekana, safari haipo mpaka ijulikane kwa nini.

Taa zikififia gari likisimama na kung'aa ukikanyaga mafuta, tatizo haliko kwenye dashibodi. Chukua mita ya volti. Betri iliyopumzika isome karibu 12.6; injini ikiwaka, taa na feni zimewashwa, isome kati ya 13.5 na 14.4. Chini ya 13, angalia brashi za alteneta, na ule waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, ambao hapa kwetu kutu haiusahau.

W124 za 1993 hadi 1995 zina waya za injini ambazo ganda lake hupukutika lenyewe kwa joto, kwa hiyo ukichokonoa, chokonoa kwa adabu. Kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kizimwe ukifika kwenye baridi, na AC yako ikiwa nzima iwashe pamoja na hita: AC hukausha hewa, hita huipasha. Beba fyuzi, balbu, lita tano za maji safi na klipu mbili tatu za mipira. Usishushe dashibodi kwa fundi wa njiani aliyekwambia ni kazi ya saa moja. Usifuate taa za nyuma za lori kwenye ukungu, hujui linaelekea wapi. Ukiweza, toka Malindi usiku ili Limuru uipande mchana. Na kitambaa cha kufutia kioo kikae mbele, kikavu, kisiwe kile kile cha oili.