Umepunguzwa tumbo kwa pesa zako: namna ya kufuatiliwa hospitali ya Sendwe, Lubumbashi

Dada yangu uliyepasuliwa ng'ambo kupunguza mfuko wa tumbo ili upungue uzito, kabla hujapanda ndege kurudi Lubumbashi, dai ripoti ya operesheni kwenye karatasi: aina ya upasuaji, tarehe, dawa. Ikiwa ya Kiingereza, itafsiriwe Kifaransa. Mimi nilifanyiwa India. Bila karatasi ile muganga wa hapa angekisia tu.

Anzia kituo cha afya cha mtaani, uombe barua ya kupelekwa Sendwe kwa muganga wa magonjwa ya ndani. Taja vipimo mwenyewe: wingi wa damu, feritini (akiba ya madini ya chuma), vitamini B12, vitamini D, kalsiamu. Vifanywe miezi 3, 6 na 12 baada ya upasuaji, kisha kila mwaka, maisha yote. Uliza bei kwanza, maana hospitali ya serikali nayo inalipisha. Kisichopatikana kiandikwe kwenye fishi (karatasi yako ya matibabu), ukakifanye labo nyingine.

Ukiandikiwa dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki, kumbusha kwamba ulikatwa tumbo, zinaleta vidonda vya tumbo.

Ukitapika siku kadhaa mfululizo, nakusihi usingoje randevu. Nenda dharura, uwaambie waziwazi wakupe vitamini B1 kabla ya kukutundikia maji ya sukari. B1 ikikosekana mwilini, ubongo na mishipa ya fahamu vinaumia, pengine bila kupona.