SOMO: Pedeli ya breki ya pikapu ikiwa laini, soma hapa kabla hujaniuliza

Jamani nimechoka. Kila wiki kuna mtu ananiuliza "breki zangu mpaka nipampu ndio zishike, nibadilishe nini?" Naandika mara moja tu, atakayeuliza tena namtumia hii. Naongelea pikapu ya kazi ya kawaida, diski mbele dramu nyuma, haina ABS (ile mitambo ya kuzuia magurudumu yasigande), kama zile Hilux kuukuu zinazojazwa vitunguu pale soko la Kongowea, Mombasa.

Kwanza ISOME PEDELI. Injini inanguruma, gari limesimama, usifungue kitu bado. Ikiwa inabonyea bonyea na ukipampu inapanda, una upepo ndani ya paipu za breki. Ikiwa iko chini lakini ukipampu mara mbili inasimama ngumu kabisa, laining za nyuma (zile zinazosugua dramu kwa ndani) ziko mbali na dramu. Ikiwa ukiikanyaga ukaishikilia inazama polepole kama mtu anayesinzia, na hakuna mahali panapovuja, masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli, imekwisha rabba za ndani. Na boosta, ile inayosaidia mguu wako kukanyaga, sahau, boosta ikifa pedeli huwa NGUMU. Kuna watu wameuziwa boosta nzima kwa shida ya upepo.

Vitu vya kuwa navyo: spana za ringi namba 8 na 10, paipu ya plastiki inayoonyesha ndani, chupa, breki fluid (mafuta ya breki) mpya ambayo haijafunguliwa, jeki, stendi, na mtu wa kukanyaga. Stendi nimesema, si mabloku ya kujengea.

1. Weka vizuizi kwenye magurudumu, inua, weka stendi, toa hendibreki.

2. Tafuta uvujaji. Vua dramu, funua kidogo ile rabba ya vumbi ya wili silinda (kisilinda kinachosukuma laining), ukiona unyevu hapo imekwisha. Pitisha mkono kwenye mipira ya breki (zile paipu laini) na kwenye paipu ya chuma iliyo juu ya difu, ekseli ya nyuma, huku kwetu chumvi huila paipu pale kwenye klipu, chini ya matope, juu inaonekana nzima kabisa. Kinachovuja kitengeneze kwanza, la sivyo utatoa upepo mpaka magharibi.

3. Rudisha dramu, kaza laining za nyuma. Zungusha ajasta, ile ya kusogeza laining, mpaka gurudumu ligome, kisha rudisha mpaka lizunguke na usikie mkwaruzo mdogo tu. Gari nyingi hupona hapa hapa na mwenyewe alikuwa ashanunua masta.

4. Jaza tangi la fluid. Liangalie kila mara, likikauka umeingiza upepo upya.

5. Angalia nipeli (vile vibomba vya kutolea upepo) za kalipa za mbele, zile zinazobana diski, ZIKO JUU. Hapa paliwahi kunila asubuhi nzima kwa hivyo sikiza vizuri. Kwa kalipa nyingi, ya kushoto na ya kulia zinafungika popote, bolti zinaingia, padi zinakaa, mpira unafika, hakuna kinachokwambia umekosea. Lakini ukizibadilishana nipeli inakaa chini, na upepo siku zote hupanda juu. Utatoa fluid safi isiyo na povu hata moja, utafunga kwa furaha, na pedeli itakuwa ile ile laini kwa sababu upepo umejikalia juu ya pistoni unakutazama. Kama gari limetoka kwa fundi kufanyiwa kalipa na tangu hapo breki hazijawa sawa, anza hapa. Usinunue chochote kabla hujachungulia.

6. Toa upepo. Anza gurudumu lililo mbali na masta, kwa usukani wetu wa kulia ni nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Paipu ivae nipeli, mwisho wake uzame kwenye fluid ndani ya chupa. Mwenzako anakanyaga polepole anashikilia, wewe unafungua, unafunga, NDIO yeye anaachilia. Akiachilia kabla hujafunga umevuta upepo ndani. Weka kipande cha mbao chini ya pedeli isifike sakafuni, masta ya zamani ina kutu kule mbele ambako pistoni haifiki siku zote, rabba zikipita hapo zinachanika.

7. Kama kuna valvu ya mzigo karibu na difu, ile yenye mkono na springi, na ina nipeli yake, itoe upepo pia. Wengi hawajui hata kama ipo.

8. Osha fluid iliyomwagika kwa maji, inakula rangi. Jaribu gari polepole uwanjani kwanza, sio kwenye mteremko wa feri Likoni na watu wako mbele yako.

MASWALI

Wa Changamwe: Bro nimesoma, sasa yangu iko laini nibadilishe masta?

Jibu: Hujasoma. Inabonyea, iko chini au inazama?

Wa Changamwe: Iko laini tu

Jibu: Rudi kwa "isome pedeli".

Wa Bamburi: Shikamoo fundi. Mimi asubuhi breki ziko sawa, nikitoka Mariakani na mzigo, nikiteremka Mazeras pedeli inalegea. Nikipumzika pale chini inarudi. Nimetoa upepo mara mbili na haupo.

Jibu: Marahaba, swali zuri sana hili. Fluid yako imekunywa maji. Breki fluid huvuta unyevu wa hewani na Mombasa unyevu haujawahi kupungua. DOT 3, aina ya kawaida ya fluid, ikiwa mpya huchemka kuanzia 205°C, ikishaingia maji inaweza kushuka mpaka 140 hivi. Mteremko na mzigo unaipasha, inachemka, inakuwa mvuke, na mvuke unabonyea kama upepo. Ikipoa mvuke unarudi kuwa fluid tena, ndio maana hukuti kitu. Badilisha fluid yote, weka DOT 4, inachanganyika na DOT 3 bila shida. DOT 5 usiguse, hio ni silikoni. Na teremka na gia ndogo, sio mguu kwenye breki njia nzima.

Wa Bamburi: Asante sana. Kopo la zamani lililobaki nusu naweza kutumia?

Jibu: Kama lilikaa limefunguliwa, tupa.

Wa Likoni: fundi wangu aliongeza oili ya stering kwenye tangi la breki akasema ni sawa

Jibu: Si sawa hata kidogo. Oili hufurisha rabba zote, masta, wili silinda, mipira. USIENDESHE. Rabba zote zitolewe, paipu zisafishwe. Na fundi ni wako, mimi usinigombeze.

Wa Kisauni: Nipeli zangu zimeganda kutu, nikikaza spana zinataka kukatika.

Jibu: Tia oili ya kulegeza kutu usiku, asubuhi gonga kidogo kichwani na nyundo ndogo, spana ya ringi sio ya mdomo, rudisha mbele na nyuma kidogo kidogo. Ikikatika ni wili silinda mpya.

Mtu wa Tudor: Naongezea, vile vikofia vya rabba vya nipeli watu huvitupa. Virudishe, ndivyo vinazuia maji ya chumvi.

Jibu: Kweli kabisa. Kama huna, ziba na kipande cha mpira wa paipu kilichofungwa mwisho.

Wa Changamwe: Inazama polepole

Jibu: Haya sasa. Haivuji popote? Basi ni masta.