Somo: Kasi ya dripu kwa mgonjwa wa kongosho, na kwa nini vipimo vya ini hupanda siku ya tatu

"Kongosho limevimba, nimtundikie chupa ngapi?" Swali hili limeulizwa tena jana usiku, na juzi pia. Naliandikia somo moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Ni la wahudumu walio wodini. Wewe unayeumwa chembe cha moyo hadi mgongoni huku ukitapika, funga simu uende hospitali.

Hatua 1. Hakikisha ni kongosho kweli. Yatakiwa mawili kati ya matatu: maumivu yenyewe, lipesi au amilesi (vimeng'enya vya kongosho kwenye damu) iliyofika mara 3 ya kiwango cha juu cha maabara yako, na picha ya CT au ultrasaundi.

Hatua 2. Mpime uzito kwa mizani. Si kwa macho.

Hatua 3. Kanula mbili nene, na chati ya maji yaingiayo na yatokayo. Aliye hoi muwekee katheta.

Hatua 4. Tumia Ringer lakteti, au Hartmann, ambayo ni ndugu yake. Salaini ya 0.9% ina kloridi mmol 154 kwa lita, na Ringer ina kama 109. Ukimimina salaini nyingi damu huingia tindikali, na kongosho halipendi tindikali. Ringer ikiisha stoo, salaini yafaa kuliko kukosa maji. Mwenye kalsiamu ya juu usimpe Ringer, kwa kuwa nayo ina kalsiamu.

Hatua 5. Amua kama amekauka: ulimi mkavu, mapigo ya haraka, presha ya chini, mkojo mchache wa rangi ya chai. Aliyetapika siku mbili katika joto la Kaskazi hapa Mombasa mara nyingi huwa amekauka. Mpe 10 ml kwa kila kilo, kwa saa 2. Asiyekauka ruka hatua hii. Aliye kwenye mshtuko, presha haishikiki, huyo ana njia yake: ita mkubwa wako sasa hivi.

Hatua 6. Kasi. Hapa ndipo wengi huharibu, na mimi nimo. Kasi ni 1.5 ml kwa kilo kwa saa. Mtu wa kilo 60 hupata 90 ml kwa saa. Sasa geuza iwe matone, na kabla ya kugeuza SOMA PAKITI YA MPIRA WA DRIPU. Mipira mingi ni matone 20 kwa ml, basi gawanya kwa 3: 90 ni matone 30 kwa dakika. Ukiandikwa 15, gawanya kwa 4: matone 22 au 23. Mpira wa watoto wenye kichupa cha kupimia ni matone 60 kwa ml, hapo matone kwa dakika ni sawa na ml kwa saa. Ukichanganya mpira wa 20 na hesabu ya 60, umempa mara tatu ya dozi, na utajua alfajiri akianza kuhema. Onyo la pili: hesabu matone tena mgonjwa akishageuka au akikunja mkono, maana kasi hubadilika. Onyo la tatu: usiandike "chupa 6 kwa siku" kwenye chati. Anayepokea zamu akikuta chupa zimechelewa atazifungulia zote ili "kufidia", na lita mbili zitaingia kwa saa mbili. Andika ml kwa saa na matone kwa dakika, basi.

Hatua 7. Mrudie saa ya 3, ya 12, ya 24 na ya 48. Sikiliza mapafu, pima oksijeni, tazama mishipa ya shingo, bonyeza miguu. Mkojo uzidi 0.5 ml kwa kilo kwa saa. Urea ya damu, kipimo cha figo, ishuke. Hematokriti (kiasi cha seli nyekundu kwenye damu) ikiporomoka bila kuvuja damu, umezimua damu: punguza. Akianza kula na chakula kikakaa, zima dripu. Na ale mapema, ndani ya siku ya kwanza akiweza. Habari ya kulifungia tumbo "kongosho lipumzike" imepitwa.

Hatua 8. Ini. Pima ALT na AST (vimeng'enya vya seli za ini), ALP na bilirubini (hupanda mrija wa nyongo ukiziba) na INR (kuganda kwa damu) siku anayoingia. Usipopima siku hiyo, siku ya tatu hutajua kilichotoka kwenye ugonjwa na kilichotoka mkononi mwako. Kisha soma kwa sura, si kwa ukubwa wa namba pekee:

ALT juu ya 150 tangu mwanzo: fikiria kijiwe cha nyongo, hata kama ultrasaundi haikukiona, kwa sababu gesi ya matumbo huficha sehemu ya chini ya mrija wa nyongo. Ikishuka haraka, huenda kijiwe kimepita.

Bilirubini na ALP zinapanda kila siku: mrija umeziba. Akiwa pia na homa na baridi, antibayotiki na ERCP (kuuzibua mrija kwa kamera ipitayo mdomoni) ndani ya saa 24. Bila dalili za maambukizi, antibayotiki za kinga hazina kazi.

AST mara mbili ya ALT: uliza mnazi na chang'aa, kwa upole.

ALT imeruka hadi maelfu ndani ya siku moja au mbili: ini lilikosa damu presha ilipoanguka. Hushuka upesi presha ikirudi.

ALT imepanda kiasi siku ya pili au ya tatu, ini limekua na linauma likiguswa, shingo imejaa, miguu imevimba: maji yamezidi na damu imerudi nyuma kwenye ini. Dawa yake ni kufunga dripu.

Kongosho lenyewe nalo hulijeruhi ini, maana kemikali za uvimbe hufika humo moja kwa moja kupitia mshipa unaotoka matumboni. Ila hilo ulitaje baada ya kuyaondoa mengine.

MASWALI

Bin_Kisauni: Nimesoma haraka haraka. Kwa hivyo ni chupa ngapi?

Mwandishi: Hatua 6. Polepole.

Mzee_wa_Wodi: Sisi tulifundishwa kumwaga maji, lita tano sita siku ya kwanza. Leo wewe wabadilisha?

Mwandishi: Sibadilishi mimi. Utafiti wa WATERFALL, 2022, ulilinganisha 20 ml kwa kilo kisha 3 ml kwa kilo kwa saa, na hii ya pole niliyoandika. Waliojaa maji kupita kiasi walikuwa 20.5% upande wa kasi, 6.3% upande wa pole. Ugonjwa haukupungua kwa kumwaga. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati kwa ajili ya usalama wa wagonjwa.

Mwanagenzi_Likoni: Samahani mwalimu, mgonjwa saa ya 12 mkojo ni 15 ml kwa saa, lakini miguu yavimba na tumbo ni gumu. Niongeze au nipunguze?

Mwandishi: Swali zuri sana, na usione haya kuuliza. Mkojo mchache hauna maana moja. Kwanza suuza katheta, huenda imeziba. Kisha pima shinikizo la tumbo kupitia katheta hiyohiyo: mgonjwa alale chali, ml 25 za salaini kibofuni, sifuri iwe usawa wa katikati ya kwapa, soma anapomaliza kutoa pumzi. Juu ya 12 mmHg ni hatari. Juu ya 20 pamoja na kiungo cha mwili kilichoanza kushindwa kazi ni dharura ya ICU. Figo zinabanwa, ini nalo linabanwa, na kila chupa unayoongeza inakaza tumbo. Usiongeze. Weka mpira wa puani utoe hewa na maji ya tumboni, tuliza maumivu, mpigie mkubwa.

Sista_Zamu: Ini likiwa limeumia, lakteti ya Ringer haitamdhuru? Ini ndilo linaloisafisha.

Mwandishi: Umefikiri vyema, sista. Lakteti hiyo si tindikali; ini huigeuza kuwa baikaboneti. Kwa majeraha ya kawaida ya kongosho ini humudu. Likishindwa kabisa, INR imepanda na mgonjwa amechanganyikiwa, lakteti ya damu itapanda na kukuchanganya unapoisoma, basi shauriana.

Bin_Kisauni: Parasetamoli ya mshipani gramu 1 mara nne, sawa?

Mwandishi: Kilo ngapi?

Bin_Kisauni: 44. Mnywaji.

Mwandishi: Basi si sawa. Chini ya kilo 50 ni 15 mg kwa kilo, yaani 660 mg. Kwa mnywaji aliyekonda jumla isizidi gramu 2 kwa siku. Maumivu ya kongosho yanataka mofini. Uliza na dawa za TB, nazo huumiza ini, kabla hujalaumu dripu.

Sista_Zamu: Nyongeza kidogo: bandikeni plasta kwa urefu wa chupa, mchore mstari kila 90 ml na saa yake. Anayepokea zamu huona kwa jicho moja kama imekimbia.

Mwandishi: Hiyo ichukueni. Kwenye chupa ya 500 mistari ni mitano, na ya mwisho inabaki 50.

Mama_Changamwe: Jamaa zake wamleta madafu kila jioni, wasema yasafisha kongosho. Nimruhusu?

Mwandishi: Hayasafishi. Dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Kreatinini, kipimo cha figo, ikiwa sawa na tumbo limekubali, glasi moja haina neno, iandike kwenye chati. Figo zikiwa zimelegea, wayarudishe nyumbani wakayanywe wao.