Kibao cha fundi paa: kisimamishe pale kazi yako inapoonekana

Mafundi wenzangu wa Tabora, mi napaua, kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) na bati, na kazi nyingi ninazopata siku hizi zinaanzia kwenye kibao cha futi 2 kwa 4 kilichosimama mbele ya nyumba niliyotoka kuipaua. Sio kibao cha njia panda. Mtu anapita Ipuli anaona paa jipya limenyooka, fishabodi, ile mbao ya ukingoni mwa paa, imekaa, akishusha macho anakuta namba hapohapo, huyo hahitaji kubembelezwa, anapiga kuuliza bei tu.

Kwahiyo anza na ruhusa. Muombe mwenye nyumba siku unayopiga kofia, lile bati la kufunika juu kabisa ya paa, siku hiyo anaangalia juu na roho yake nyeupe, ukisubiri mpaka mmemalizana hela utamkuta ana mambo mengine. Mwambie kitakaa miezi miwili na utakuja kukitoa mwenyewe, na kweli uje ukitoe. Mi huwa namuahidi pia kwamba mvua ya kwanza ikivuja popote anipigie narudi bure. Kama kazi ni ya kontrakta na we umechukua kipande tu, muulize yeye kwanza. Na kama kenchi imepinda usiweke kibao hapo kabisa, rekebisha, maana utakuwa unawaonyesha watu ubovu wako na namba umewapa.

Maneno ndo mafundi wengi tunaharibu. Mtu anajaza kupaua, tailizi, jipsamu, rangi, magrili, mpaka anauza na mchanga, yote kwenye kipande kimoja. Piga hesabu. Herufi ya inchi 1 inasomeka vizuri toka kama mita 3, kwahiyo ya inchi 4 ni mita 12 hivi, na bodaboda inayoenda kilomita 40 kwa saa inakula mita 11 kila sekunde, yaani abiria aliyekaa nyuma ana sekunde moja tu kukusoma. Sekunde moja inatosha FUNDI PAA na namba, basi. Jina lako liweke chini dogo, atakayesimama atalisoma. Namba ndo iwe kubwa kuliko vyote, inchi 5, na uigawe nne, tatu, tatu ili mtu aishike kichwani mpaka afike nyumbani.

Plaiwudi la 4 kwa 8 linakupa vibao vinne hivyo. Bati bapa linadumu zaidi ila kwangua lote kwa msasa na upige praima kwanza, ile rangi ya chini ya kushikisha, la sivyo rangi inabanduka kama maganda. Flexi, lile turubai la plastiki la matangazo, ni rahisi kuchapisha lakini inataka fremu iliyokaza, upepo wa kiangazi ukiingia nyuma unaichana kwenye kona. Mi napenda maandishi meusi juu ya njano, hata vumbi likikaa unaona kitu. Nyekundu iache, jua linaila mapema kuliko rangi nyingine, utabaki na kibao kizuri kisicho na namba. Halafu ukienda kwa mchoraji kaa naye akiandika namba. Kuna fundi mwenzangu wa Isevya, 1 yake ilichorwa na kichwa kirefu ikawa inasomeka 7, kibao kimesimama msimu mzima simu zinaenda kwa mtu mwingine, mpaka mteja alipomfuata kwa miguu ndo akajua. Inauma sana.

Miguu ya mbao ipake oili chafu sehemu yote inayoingia ardhini, mchwa wa huku mnawajua, kisha chimba futi 2 ushindilie na mawe. Usipigilie kwenye nguzo ya umeme wala kwenye miembe yetu, unaumiza mti bure na majani yakijaa hakuna atakayekiona. Kiwe ndani ya kiwanja cha mteja. Barabara kuu na za mkoa hifadhi yake ni mita 30 kila upande toka katikati, kwa sheria ya mwaka 2007, ukisimika humo siku watu wa barabara wakipita kusafisha kinaondoka. Na pita manispaa uulize ada ya mabango kabla hujachora vibao kumi.

Kujua kama vinalipa, tumia simu ya laini mbili, moja iwe ya vibao tu, usimpe mtu yeyote kwa mdomo. Ikiita laini hiyo ujue ni kibao, muulize kakiona nyumba gani uandike kwenye daftari. Agosti mpaka Oktoba ndo msimu, watu wanakimbizana na mvua za Novemba, kwahiyo vibao viwe vimesimama mapema, na kila wiki pita na kitambaa chenye maji ufute vumbi kwenye namba.