Nenda na pini yako ukanunue plau iliyotumika

Ukienda kukagua plau au haro iliyotumika, beba pini ya mkono wa juu wa trekta yako (mkono wa kati unaoshika zana kwa juu, nyuma ya trekta). Kwenye trekta nyingi ndogo unene wake ni milimita 19. Ichomeke kwenye tundu la zana, uitikise. Ikicheza pande zote kwa usawa, huenda zana ni ya trekta kubwa (pini ya milimita 25). Bushi, yaani kibomba cha chuma cha kupunguza tundu, inamaliza kazi. Ikicheza upande mmoja tu, tundu limelika, na hapo ni kuchomelea na kutoboa upya, basi bei ishuke. Ila kipimo hiki hakigusi pini za chini za zana: zikiwa milimita 28 na mikono ya chini ya trekta yako inapokea 22, bushi haisaidii, lazima zibadilishwe. Rangi mbichi kuzunguka tundu? Ikwangue kwanza, huenda inaficha tundu lililolika.