Kusaka hitilafu za seva za Hurd kwa kuwasha Hurd ya pili

Kwenye GNU/Hurd, mfumo endeshi wa mradi wa GNU, kazi ambazo Linux huzifanya ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) zimeachiwa seva za kawaida: ext2fs inashika mafaili, pfinet mtandao, proc michakato. Raha yake ni kwamba seva unaichunguza kwa gdb, chombo cha kusaka hitilafu, kama programu nyingine yoyote. Ila ukiisimamisha ext2fs ya mzizi, gdb nayo inakwama, maana inasoma mafaili kupitia hiyohiyo ext2fs. Ni kufungua injini ya boti katikati ya Ziwa Tanganyika. Dawa ni kuwasha Hurd ya pili, subhurd, juu ya kerneli ileile ya Mach.

1. Diski. Hapa Kigoma naendesha Debian GNU/Hurd ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta. Faili la diski linakula bando, kwa hiyo lipakue mara moja tu, ulinakili, kisha nakala uiunganishe kama diski ya pili. Kwangu inaonekana kama hd1. Kwako angalia /dev.

2. Weka seva yako. Ijenge ikiwa na alama za gdb (-g), kisha:

mount /dev/hd1s1 /mnt
cp ext2fs.static /mnt/hurd/
fsysopts /mnt --readonly

Mstari wa mwisho, unaoifanya /mnt isomeke tu, usiuruke. Mifumo miwili ikiandika kwenye diski moja, mafaili yanavurugika.

3. Washa, ukiwa root, kwenye terminali ya peke yake:

boot -D /mnt /dev/hd1s1

Hiyo -D ndiyo inayowasumbua wengi. Bila hiyo, ext2fs.static inachukuliwa kutoka mfumo wa nje (Hurd ya kwanza), na utashinda unachunguza seva ambayo hukuigusa.

4. Ingia na gdb kutoka nje. Namba za michakato za ndani na za nje hazifanani; tafuta ya nje kwa ps -A uiweke penye NAMBA, na ukitatizika linganisha ramani za kumbukumbu kwa vminfo.

gdb /mnt/hurd/ext2fs.static NAMBA
break diskfs_S_dir_lookup
continue

Sasa andika ls kule ndani. Inaganda hapohapo, huku nje unasoma bt (mlolongo wa funksheni zilizoitana) kwa nafasi.

5. Ukimaliza, ruhusu seva iendelee, kisha andika halt ndani.

Kerneli ni moja, kwa hiyo Mach ikianguka zinaanguka zote mbili. Kama unayemshuku ni Mach mwenyewe, achana na subhurd: washa QEMU kwa -s na uunganishe gdb kutoka kwenye laptop.